Tundu Chini ya Mkuyu

Kila alfajiri kabla ya shule, Doriane alipanga foleni kwenye kisima cha pampu, hapo Rubondo katika makazi ya wakimbizi, akiwa na kidumu chake cha njano. Akirudi nyumbani, maji ya kwanza yalikuwa ya mkuyu wa baba yake.

Mkuyu huo ulikuwa na miaka tisa, lakini haukufika hata kimo cha kidumu. Baba yake, Déo, aliulea katika bakuli la udongo, akipunguza mizizi na kupinda matawi kwa waya, hadi ukafanana na mti mkubwa unaoonekana kwa mbali. Mama Afsa, mwuza miche wa Kakiika mjini Mbarara, alikuwa ameahidi: akiuona ukiwa mzima, atampa Déo kazi ya kufundisha wateja wake.

Jambo moja lilimchoma Doriane. Nusu ya maji ilitoka kwenye tundu chini ya bakuli na kupotea. Maji ya foleni ya saa nzima! Siku moja akaliziba kwa kipande cha nailoni. Hakumwambia mtu.

Baada ya wiki mbili majani yaligeuka manjano.

"Mti wa papa una malaria!" alicheka kaka yake, Bienfait, akimtania baba yao. "Tuupeleke zahanati, wautundikie dripu!"

"Ni kiu," alisema Déo. "Doriane, ongeza maji."

Doriane akaongeza. Majani yakapukutika. Kila lililoanguka lilikuwa kama kofi shavuni, lakini ulimi wake haukunyanyuka.

Hatimaye Déo aliufunga mkuyu kwa kitenge, akaupeleka Kakiika pamoja na binti yake. Mama Afsa alikwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa na ukijani.

"Kale, sawa, bado uko hai. Unaupa maji kiasi gani?"

"Labda ni kidogo," alijibu Déo. "Tutaongeza mara mbili."

Doriane akaona wazi: akinyamaza, mti unakufa.

"Papa, usiongeze! Ni mimi niliziba tundu. Niliona maji mingi inapotea."

Déo akainua bakuli, akachomoa nailoni. Maji meusi yalitoka, yakinuka.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Mama Afsa, akichukua mkasi. "Una bahati, binti. Umesema kabla ya kifo."

Walikata mizizi iliyooza, wakaupanda upya katika udongo wenye mchanga.

"Na ile kazi?" Déo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Uulete ukichipua."

Nyumbani waliuweka kivulini, na beseni chini ya bakuli. Maji yaliyodondoka Doriane aliyamwagia mboga za lengalenga. Wiki ya sita, vichipukizi vitatu vilitokeza.

Déo alikunjua tena kitenge cha safari ya Kakiika. "Unaona, mwanangu? Maji yaliyotoka yametupa mboga. Yaliyofungiwa ndiyo yaliyoozesha mizizi. Kosa nalo ni hivyo hivyo: ukilifungia ndani, linaoza pamoja nawe. Ukilitoa, watu wanajua pa kukata."