Mtungi wa Mama Mkwe

Haya yalimpata rafiki yangu Malrye, na hadi leo akiyasimulia hushika kiuno kama mtu anayetaka ugomvi.

Mama mkwe wake alifariki wakati wa mavuno. Kwa miaka ishirini alikuwa amemlazimisha kutia samaki kwenye kimchi ya majira ya baridi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, na Malrye hawezi kuvumilia hata harufu ya samaki. Baridi ilipokaribia, akaipanga kabichi yote bila samaki, ndani ya mtungi uleule wa marehemu, uliofukiwa ardhini hadi shingoni, bandani.

“Walau ubandike mtungini soksi ya karatasi ya kinga, juu chini kama ilivyo desturi, kitu kibaya kisiingie,” Mama Gitae, jirani yake, alimsihi. “Huo ni mtungi wa marehemu.”

“Akitaka kuja, aje. Atanikuta jikoni kwangu.”

Siku ya ishirini alikwenda kupakua kimchi ya kwanza. Ilikuwa mchana, lakini bandani mlikuwa na giza. Chini ya mfuniko kitu kiligonga ukingo wa mtungi, ko, ko, ko, polepole, kama marehemu alivyozoea kukung'uta upawa.

“Gonga mpaka uchoke,” Malrye akasema. “Samaki sitii.”

Kugonga kukakoma. Akafunua, akaondoa jiwe lililokandamiza kabichi, akachana jani, akalitafuna kwa makusudi huku ameukodolea macho mtungi.

Kitu kikamchoma ufizi. Akakitoa kwa vidole, akasogea mlangoni penye mwanga kukitazama.

Ulikuwa mwiba wa samaki, na nyama iliyoushikilia ilikuwa bado mbichi.