Gidioni Aliyehamahama Lugha za Kompyuta

Asubuhi ile kijijini Lionja palikuwa shwari. Ng'ombe wa mzee Lubasha walikuwa wakila majani bondeni, na mwanawe Gidioni alikuwa amekaa juu ya kichuguu akiwachunga, simu mkononi. Jirani na bonde, ufuta wa mama Agatha ulikuwa umekatwa, umefungwa mafungu na kusimamishwa ukauke.

Gidioni alikuwa amechoka kuchunga. Ukoo wao ulikuja huku na mifugo kutoka Kanda ya Ziwa, naye akataka kuweka fimbo chini aandike programu za kompyuta. Wazo hilo halina ubaya. Ubaya ni kwamba hakutulia. Alianza kujifunza lugha ya Python. Mtu mmoja kwenye kundi la simu akaandika kwamba hiyo ni ya watoto, wanaume wanasoma Java. Akahamia Java. Java ikamtoa jasho, akasikia PHP ndiyo yenye kazi. Akahama tena. Kila alikohamia alianza somo la kwanza, na somo la kwanza, ndugu zangu, haliajiri mtu.

Mkewe Nelly alishamwuliza, "Baba Marystella, leo uko lugha gani?"

"Naangalia ipi inalipa."

"Ungechagua mke hivyo, Marystella angezaliwa lini?"

Asubuhi hiyo alikuwa akitazama kwenye simu mabwana wawili wakibishana lugha ipi ni bora, akasahau kuinua macho. Akashtuliwa na sauti.

"Gidioni! Ng'ombe! Wako kwenye ufuta!"

Alikimbia, akachelewa. Ufuta mkavu ukiguswa tu unamwagika, sembuse kukanyagwa na kundi zima. Mama Agatha alikuwa amepiga magoti, anachota mchanga wenye punje.

"Tuliwapokea vizuri nyie! Mwaka wangu mzima huu hapa, umechanganyika na mavi ya ng'ombe! Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma, mama."

"Unasoma nini?"

"Nachagua cha kusoma."

"Haya, chagua na pa kuhamia!" akadakia jirani mmoja, na wengine wakaitikia.

Jioni, kwa mwenyekiti wa kijiji, wengi walitaka ukoo wa Lubasha uondoke na mifugo yake. Mzee akasimama.

"Mama, dume langu kubwa ni lako. Na huyu hatashika tena ng'ombe wangu."

Mama Agatha akajibu, "Nimepokea. Wakae. Ila huyo mtu wa simu simtaki bondeni."

Basi Gidioni akabaki hana fimbo wala lugha. Nelly hakumbembeleza.

"Hiyo kompyuta, utamfanyia nani nini?"

Akaenda mjini Ruangwa kutafuta jibu. Alipita ofisi kwa ofisi akiuliza ni kazi gani inawachosha. Kwenye ofisi moja ya malori, bibi Letisia, msimamizi, akamwonyesha taarifa za mafuta na safari ambazo karani huzijumlisha mpaka macho yanauma. Gidioni akauliza wenzao wa miji mikubwa hutumia lugha gani. Akaambiwa: Python.

Alirudi nyumbani, akaishika hiyo hiyo. Mchana alilima na mkewe, jioni alisoma. Alipokwama hakuhama, aliuliza. Alipoiweza, akarudi kwa Letisia na programu yake. Wakaipa taarifa za mwezi uliopita, na chai ya karani haijapoa, hesabu ikatoka sawasawa.

"Jumatatu uwe hapa," Letisia akasema. "Saa mbili, si saa tatu."

FUNZO

Usichague lugha ya kompyuta kwa kufuata mwenye kelele. Ijue kwanza kazi unayoitaka, waulize wanaoifanya wanatumia nini, kisha ushike hiyo mpaka ikupe mkate. Ya pili utajifunza ukiwa umeshiba. Na kazi unayotaka kuihama bado ni kazi mpaka siku unayoihama. Ukiitupa mapema, atakayelia wa kwanza ni jirani yako.