Tofauti ya Mti Mmoja

"KUH: TOFAUTI YA MTI MMOJA (1) KATIKA ORODHA YA MITI YA MATUNDA YA MANISPAA."

Ndivyo barua ilivyoanza, kwa herufi kubwa, na ule mmoja ukarudiwa kwa tarakimu ndani ya mabano, asije mtu akadhani ni mti na nusu. Chini palikuwa na mihuri miwili na sahihi tatu. Karani wa miti aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akainua macho kwenye kalenda yake ukutani.

Kalenda hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Ilikuwa na visanduku kumi na viwili, na katika kila kimoja ameandika matunda ya mwezi huo na mahali pa kuyachuma: zambarau nyuma ya zimamoto, machungwa mbele ya zahanati, maparachichi kwenye ukuta wa shule, ambako mwalimu wa zamu alikuwa akichuma kabla ya wanafunzi. Watu walikuja na vikapu, wakala bure mwaka mzima. Mwaka mzima kasoro mwezi wa sita. Mwezi wa sita hapakuwa na mti mjini uliozaa, na kile kisanduku kitupu kilimkodolea macho kila asubuhi kama pengo la jino. Mkuu wa idara, mama aliyeweza kutia sahihi huku anatafuna, hakuacha kumchokoza.

"Karani, mwezi wa sita watu wale nini? Kalenda?"

Basi mwezi wa sita huohuo akauona mpera nyuma ya jengo la kufulia nguo lililofungwa zamani. Mapera ya njano, makubwa kama ngumi, yalikuwa yameinamisha matawi hadi chini. Kitu kimoja tu hakikukaa sawa: hapakuwa na ndege, wala nzi, wala pera lililooza. Karani akakoroga chokaa yake ya kuandikia miti namba.

Mfagiaji wa mtaa ule, bibi mwenye fagio refu kuliko yeye mwenyewe, akasogea.

"Mwanangu, huo hatuuhesabu."

"Ninyi akina nani hamuuhesabu?"

"Sisi wa fagio. Majani yake tunayafagia, basi. Ukiuhesabu, na wenyewe utakuhesabu."

"Bibi, mimi nimeshahesabiwa. Sensa ilipita."

Bibi hakucheka. Karani akauzungushia mti pete ya chokaa, akaandika 212, akachuma kikapu. Nyumbani mkewe, mshonaji, na binti yao wa miaka tisa, ambaye kwa makali ya ulimi walimwita Pilipili, walikula hadi wakalamba vidole. Yeye mwenyewe hakuonja. Mbegu za mapera zilikuwa zikimwingia kwenye meno.

Kesho yake kifundo cha mguu wa Pilipili kilikuwa na pete nyeupe, na juu yake 212.

"Nani kakuchora?" mama akauliza.

"Si Baba! Kachoka kupaka miti, sasa anapaka watu."

Wakacheka. Wakasugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Haikutoka. Ikanuka chokaa mbichi, chumba kizima.

Wiki ile karani alipigilia kibao cha bati kwenye shina, msumari mmoja, saa saba mchana. Saa saba mchana Pilipili akapiga ukelele darasani. Kwenye unyayo wake palikuwa na tundu la duara, safi, lisilotoa damu. Mwezi wa saba, kama ratiba ya karani mwenyewe ilivyoagiza, wapogoaji walikata matawi matatu upande wa kushoto. Jioni ile vidole vitatu vya mkono wa kushoto wa Pilipili vilikuwa vimenyauka, na mezani, alipokuwa akifikia kikombe, vikadondoka kimoja kimoja kama vikonyo. Hakulia. Alivitazama tu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, vitaota tena?"

Daktari aliandika "sababu haijulikani" na kumpa dawa ya kupaka.

Karani alimkimbilia mfagiaji.

"Bibi, kuna nini pale?"

"Kuna mwenyewe." Bibi alizungumza akiwa ameupa mti mgongo, midomo haisogei. "Unachoufanyia, naye anakufanyia. Sema taratibu, anasikia."

"Kwa nini mtoto? Mimi ndiye niliyepaka!"

"Wewe ulikula?"

Karani akatikisa kichwa.

"Anachukua waliokula. Utunze, mwanangu. Asiuguse mtu."

Akautunza. Kila mchana alibeba ndoo nne za maji na kiroba cha samadi, na Pilipili akanenepa, mashavu yakang'aa, ulimi ukarudi. Majirani wakasema karani amepata wazimu wa mapera. Na kila mchana, alipoinama kumwaga maji, alisikia juu yake, ndani ya majani yasiyotikiswa na upepo, sauti ikihesabu polepole, na sauti hiyo ilikuwa ya kwake mwenyewe, kama anavyohesabu miti akiwa kazini, ila yenyewe ilikuwa ikifika mbili na kuanza upya.

Sasa barua. Mkaguzi alikuta kitabu cha baraza kina miti 211 na kalenda ina 212. Kuongeza mti kitabuni kulihitaji kikao, na kikao kilikaa mara moja kwa mwaka, kikiwa na bahati. Kukata mti kulihitaji sahihi. Na. 212 ukatwe kesho saa saba mchana.

"Mama, nakuomba," karani alimwambia mkuu wa idara, karibu apige magoti. "Mti ule una mwenyewe."

"Ana hati?"

"Si mwenyewe wa hivyo."

"Basi hana." Akameza, akatia sahihi ya nne. "Hesabu lazima zilingane, Karani. Wewe ndiye uliyeanza kuandika."

Usiku kucha akafikiri, na asubuhi akajiona mjanja. Wakataji husoma namba, hawasomi mti. Saa sita mchana alikwangua 212 kutoka kwenye mpera mpaka gome likabaki tupu, akakimbia hadi mbele ya zahanati, akafuta 57 kwenye mchungwa na kuandika 212 mahali pake, chokaa ikimchuruzika hadi viwikoni. Kisha akaenda nyumbani.

Pilipili alimpokea mlangoni akirukaruka kwa mguu mmoja. "Baba, imetoka! Imetoka yenyewe!"

Kifundo kilikuwa safi. Karani akamkumbatia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, na alikuwa bado anacheka alipogundua kwamba cherehani ndani haisikiki, na kwamba harufu ya chokaa mbichi haikuwa ikitoka kwenye mikono yake bali chumbani, ambako mkewe alikuwa ameketi mbele ya shati lisilo na mkono, sketi ameipandisha kidogo, akikitazama kifundo chake mwenyewe chenye pete nyeupe na 212 iliyoandikwa kwa mwandiko wa mumewe, ule ule wa kuinamisha mbili.

"Baba Pilipili," akanong'ona, "umefanya nini?"

Akakimbia. Alipofika zahanati msumeno ulikuwa umeshawashwa, na msimamizi wa wakataji amesimama na barua mkononi.

"Sio huu!" karani akapiga kelele. "Sio huu!"

Msimamizi akazima msumeno. "Namba ndiyo hii."

"Namba si yake. Imekosewa."

"Haya. Ya mti upi basi? Barua inasema mmoja, lazima niondoke na mmoja. Nionyeshe."

Karani akafungua kinywa. Waliokula walikuwa wawili tu: mchungwa sasa ni mkewe, na akiutaja mpera, ni Pilipili. Mtaa mmoja kutoka pale, mpera ulikuwa umesimama bila namba, na karibu kabisa na sikio lake ile sauti yake ikasema, moja, mbili, ikanyamaza, ikingoja kama karani mwema anavyongoja kuambiwa aandike nini.

"Mzee," msimamizi akasema, "jibu, au toka njiani."

Karani akatoka njiani.

Barua ya kufunga shauri inasema tofauti ya mti mmoja (1) imerekebishwa na orodha inalingana. Wiki iliyofuata mkaguzi alikuta mpera usio na namba na orodha yenye 57 isiyo na mti, akavikutanisha kwa chokaa, akasifiwa.

Kilichotokea ni hiki. Mchungwa ulikatwa saa saba na dakika kumi. Mshonaji alikufa saa saba na dakika kumi, amekaa kwenye cherehani, amekatika kiunoni. Pilipili yu hai, na kifundoni ana 57.