Uvimbe Usiouma

Mama Mishono alikuwa fundi cherehani, hodari wa kuficha kasoro za watu. Bega lililoshuka, tumbo lililotokeza, yote aliyamaliza kwa sindano. Uvimbe ulipomtokea yeye karibu na kinena, akapanua sketi. Ulipokua, akapanua tena. Hauumi, alijisemea, na kisichouma hakina neno.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na wifi yake, muuguzi, aliyekuja kupimwa gauni.

"Wifi, mbona unakalia tako moja? Jingine umemkopesha nani?"

Mama Mishono hakucheka. Akafunga mlango, akasema yote huku ameinamisha uso.

"Ni jipu tu. Jirani atanitoboa kesho."

"Asikuguse mtu! Jipu gani linakaa mwaka mzima bila kuuma? Uvimbe unaokua unapimwa hospitali. Haukandwi, hautobolewi."

"Naona haya. Mahali penyewe, wifi…"

"Haya itakuzika. Vaa viatu."

Hospitali walimpiga picha ya ndani ya mwili. Ule uvimbe alioushika kwa mkono ulikuwa ncha tu. Sehemu kubwa ilikuwa ndani ya nyonga, imekisukuma kibofu cha mkojo.

"Si muukate leo leo?" mumewe, aliyewafuata hospitali, akauliza.

"Kwanza tuujue," daktari akasema. "Tutachukua kinyama kidogo kwa sindano, kipimwe. Tukikata kwa kubahatisha, tutaacha mabaki ndani."

Majibu yalichelewa. Mama Mishono aliogopa mno. Kila alipowatazama wanawe wakila, chakula chake kilimshinda.

Hatimaye daktari akawaita. "Ni uvimbe wa nyama laini, wa aina adimu. Ni nadra sana kusambaa mwilini. Lakini hupenya kati ya viungo, na hupenda kurudi."

Alifanyiwa upasuaji mrefu. Kupona kulikuwa kwa taratibu, na siku za mwanzo alitembea akimshikilia mumewe. Baadaye alirudi kupigwa picha nyingine. Daktari aliitazama, kisha akatabasamu.

"Hakuna kitu. Lakini utakuja kupimwa kila mwaka, kwa miaka mingi. Wengine huacha kuja, kwa kuwa hawaumwi."

Mama Mishono akafuta machozi.

"Nitakuja, daktari. Mimi nilipokaribia kufa, sikuwa naumwa."