Siku Miguu ya Kemi Ilipokimbia

Kemilembe alikuwa na miaka sita. Nyumbani wote walimwita Kemi.

Aliishi na Baba, Mama na mdogo wake Mujuni. Nyumba yao ilikuwa katikati ya migomba, kando ya barabara ya vumbi.

Mujuni alikuwa na miaka miwili. Alijua maneno matano tu, na moja lilikuwa "Kemi".

Asubuhi moja, ardhi ilitikisika.

Ngu-ngu-ngu-ngu. Masufuria yakaanguka. Kuku wakapiga kelele. Ukuta wa sebuleni ukapata ufa mrefu.

Kufumba na kufumbua, ardhi ikatulia. Hakuna aliyeumia.

Lakini watu waliogopa. Kijiji kizima kililala nje.

Baba alisimika miti minne uani, akafunga turubai. Mama akatandika mikeka.

Siku zikapita. Fundi akaja, akagonga kuta zote, ko, ko, ko. Baba akauziba ule ufa kwa saruji. Fundi akasema nyumba ni imara.

Majirani wakarudi kulala ndani. Mama akarudi. Mujuni naye akarudi, mgongoni kwa Mama.

Kemi hakurudi. Alisema nje kuna hewa nzuri.

Haikuwa kweli. Kemi alikuwa anaogopa, na aliona aibu kusema.

Basi Baba akabaki kulala naye chini ya turubai. Hakumuuliza kitu.

Mchana, Kemi aliingia ndani kwa haraka. Akishachukua anachotaka, huyo, ametoka.

Kikombe kikigonga kikombe, moyo wa Kemi uliruka.

*Du-du-du*, ulipiga moyo.
*Kimbia, kimbia*, ilisema miguu.

Upepo ukibamiza mlango, moyo wa Kemi uliruka tena.

*Du-du-du*, ulipiga moyo.
*Kimbia, kimbia*, ilisema miguu.

Jumamosi, Mama alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, anamenya ndizi. Akamwomba Kemi amlishe Mujuni uji sebuleni.

Kemi alitaka kukataa. Lakini angesemaje? Yeye ndiye dada mkubwa.

Mujuni akaketi mkekani. Akafungua mdomo, aaa. Kijiko cha kwanza. Aaa. Kijiko cha pili.

Mara lori likapita barabarani, limejaa ndizi mpaka juu. Ngurrrr.

Madirisha yakatetemeka. Vikombe kabatini vikalia, kili-kili-kili.

*Du-du-du*, ulipiga moyo.
*Kimbia, kimbia*, ilisema miguu.

Kemi akakimbia. Akapita mlangoni. Akapita uani. Akakimbia mpaka kwenye migomba.

Akasimama, anahema. Akatazama mkono wake. Mkononi mlikuwa na kijiko.

Mujuni hakuwepo.

Kemi alikuwa amemwacha ndani.

"Kemi," alilia Mujuni kutoka sebuleni. "Kemi. Kemi."

Mama akatoka jikoni mbio, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Akamkuta Mujuni ameketi katikati ya uji uliomwagika.

Mujuni hakuumia. Alikuwa analia tu.

Mama akambeba, akatoka naye uani. Akamwona Kemi kwenye migomba, na kijiko mkononi.

Mama hakumgombeza. Kemi aliona afadhali angemgombeza.

Masikio ya Kemi yaliwaka moto. Mujuni akamnyooshea mikono abebwe, lakini Kemi hakuweza hata kumtazama.

Akaenda kujificha nyuma ya banda la kuku.

Akajiambia kwamba dada mzuri hakimbii. Akajiambia kwamba dada mzuri hamwachi mdogo wake.

Kisha akachimba kishimo kwa vidole, akakifukia kijiko. Hakutaka kukiona.

Mchana Mama alimwita ale. Kemi akasema hana njaa. Tumbo lake lilinguruma, lakini hakutoka.

Baadaye Mama akaja na beseni la ndizi na kisu. Akaketi chini karibu na Kemi, akaendelea kumenya.

Kwaru, kwaru, kilisema kisu.
Koo, koo, koo, walisema kuku.
Shwaaa, yalisema majani ya migomba.

Mama akamenya ndizi moja. Akamenya nyingine. Akamenya nyingine tena.

Ndipo Kemi akasema kwa sauti ndogo sana, "Mama, nilimwacha Mujuni."

"Najua, mwanangu."

"Mimi ni dada mbaya."

Mama akaweka kisu chini.

"Siku ile ardhi ilipotikisika," alisema Mama, "mimi pia nilikimbia. Nilipofika uani nikatazama mikono yangu. Ilikuwa mitupu."

Kemi hakuwahi kusikia habari hiyo. "Na sisi tulikuwa wapi?"

"Mlikuwa ndani. Nikarudi, nikawabeba wote wawili. Lakini kwanza nilikimbia. Sijamwambia mtu mpaka leo. Niliona aibu."

Kemi akamtazama Mama. Mama hakuficha uso wake.

"Bado unaona aibu?" aliuliza Kemi.

"Kidogo. Imepungua sasa hivi, nilipokwambia."

Kemi akasogea karibu, mpaka bega lake likagusa mkono wa Mama.

Akauliza Mama hufanyaje moyo ukipiga du-du-du. Maana wa Kemi ulikuwa unapiga mpaka sasa.

Mama akasema huwa anasimama kwanza. Kisha huwa anauliza polepole:

*Sikiliza, sikiliza.*
*Kuna nini sasa hivi?*

Kemi akafumba macho. Akafumbua jicho moja, akaona Mama naye amefumba. Akalifumba tena.

*Sikiliza, sikiliza.*
*Kuna nini sasa hivi?*

Kulikuwa na kuku, koo, koo, koo. Kulikuwa na majani, shwaaa. Kulikuwa na jirani anayepasua kuni, kwa, kwa. Kulikuwa na Mama anayepumua.

Du-du-du, ulipiga moyo.

Kemi akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi.

Du, du, du.

Na tena.

Du... du... du.

Kemi akafumbua macho. Akachimba mchanga kwa vidole, akatoa kijiko. Mama hakuuliza kijiko kilifikaje humo. Alimmiminia maji tu, Kemi akakiosha.

Mujuni alikuwa uani na Baba, anacheza na sufuria tupu. Kemi akachuchumaa mbele yake.

Hii ilikuwa ngumu. Masikio yakaanza tena kuwaka moto.

"Mujuni, nilikuacha peke yako," alisema Kemi. "Nisamehe."

Mujuni akatazama kijiko. Akakichukua, akapiga sufuria kwa nguvu zake zote. Kang! Kang! Kang!

*Du-du-du*, ulipiga moyo.
*Kimbia, kimbia*, ilisema miguu.

*Sikiliza, sikiliza*, alisema Kemi.
*Kuna nini sasa hivi?*

Kulikuwa na kijiko. Kulikuwa na sufuria. Kulikuwa na Mujuni anayecheka mpaka mate yanamtoka.

Kemi akacheka pia. Kisha akala ndizi zake zote, akaongezwa na nyingine.

Jioni wingu zito likaja. Kemi na Baba walikuwa wameshajilaza chini ya turubai. Mvua ikaanza, ta, ta, ta.

Turubai likavimba kwa maji kama tumbo la ng'ombe. Likainama upande mmoja, maji yote yakamwagikia Baba shingoni. Baba akaruka kama panzi.

Akafuta maji usoni, akamwambia Kemi achague. Wanaweza kwenda kulala jikoni, au wanaweza kuingia ndani. Popote atakapokwenda, Baba atakwenda naye.

Kemi akatazama mlango wa nyumba. Taa ilikuwa inawaka ndani.

"Baba," alisema, "si kwamba nje kuna hewa nzuri. Naogopa."

Baba akasema asante kwa kumwambia. Akamshika mkono.

Wakaenda mpaka mlangoni.

*Du-du-du*, ulipiga moyo.
*Kimbia, kimbia*, ilisema miguu.

"Ngojeni kwanza," Kemi aliiambia miguu yake.

*Sikiliza, sikiliza.*
*Kuna nini sasa hivi?*

Kulikuwa na mvua juu ya bati, shaaaa. Kulikuwa na maji yanayodondoka kwenye ndoo, to, to, to. Kulikuwa na Mama chumbani, anamwimbia Mujuni wimbo usio na maneno.

Kemi akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi. Ukuta ulikuwa umetulia.

Akaingia. Hatua moja. Akasimama. Hatua nyingine.

Baba hakumvuta. Alimsubiri, japo maji yalikuwa bado yanamdondoka shingoni.

Mama alipowaona, alisogeza blanketi, akapiga godoro kidogo kwa mkono, pa, pa.

Kemi akajilaza kando ya Mujuni. Akaomba mlango uachwe wazi kidogo. Mama akauacha wazi kidogo.

Moyo wake ulikuwa bado unapiga, lakini si kwa haraka.

*Sikiliza, sikiliza.*
*Kuna nini sasa hivi?*

Shaaaa, ilisema mvua.
Fuuu... fuuu... alipumua Mujuni.

"Kemi," alisema Mujuni usingizini.

"Nipo," alisema Kemi.

Mujuni akageuka, akamwekea dada yake mkono usoni, juu ya pua kabisa. Ulikuwa mkono mdogo, wa moto, na ulinuka ndizi.

Kemi hakuuondoa.

Du... du... du...

Akalala.