Koti Nililokata Kwenye Batiki ya Mbah

"Wewe dada, vua hilo koti! Hicho ni kitambaa cha kufunikia maiti!"

Maoni hayo yalipita kwenye skrini nikiwa laivu, katikati ya barabara, maelfu wananitazama...

Jamani, nikacheka!

"Wivu huo," nikaiambia kamera. "Bibi yangu alinipa kwa mkono wake."

Uongo mtupu, wasomaji wangu. Nilikichomoa kabatini kwake mwenyewe akiwa ameenda kuswali.

Naitwa Wening, niko Solo, mji wa Indonesia. Kwetu Jumapili asubuhi magari hufungiwa njia, na sisi vijana tunajaa barabarani tumejifunga batiki za zamani, chini raba, tunapigana picha. Ukivaa ya dukani wanakucheka wazi wazi.

Batiki ya Mbah, ndivyo tunavyowaita bibi zetu, ilikuwa nyeusi na kahawia, imelainika kwa kuzeeka. Wala sikujiuliza michoro yake ni ya nini. Nikatia mkasi, nikashona koti fupi. Kali balaa!

Maoni yakazidi kumiminika.

"Kweli, michoro hiyo ni ya msiba!"

"Hakuna bibi anayegawa hiyo. Kaiba huyo!"

Galih, rafiki yangu aliyekuwa amenishikia simu, akaninong'oneza, "Wening, nizime?"

"Usizime! Ukizima nitaonekana mwongo."

"Basi umekwisha. Geuka nyuma."

Nikageuka... "Mbah!" nikaropoka.

Alikuwa na wenzake wa mazoezi ya viungo, wote na fulana za pinki, jasho linawatiririka. Macho yake yalikuwa kwenye koti.

"Bibi mwenyewe si huyu hapa?" msichana mmoja kwenye umati akapaza sauti. "Aulizwe! Mbah, ulimpa wewe?"

Mbah akasogea, akashika mkono wa koti, akaupapasa taratibu mpaka kwenye mshono. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nilimpa mimi," akasema. "Mjukuu wangu huyu. Nyie kinawawasha nini?"

Watu wakapiga makofi! Mwenzake mmoja wa mazoezi, aliyekijua kitambaa kile, alikuwa ameshaanza kulia. Nilimwona Mbah akimkanyaga mguu ili anyamaze.

Nyumbani hakunigombeza. Bora angenichapa, ndugu zangu, ningeshukuru.

"Babu yako tulimfunika na kitambaa kile kabla ya kumzika," alisema. "Nikakifua, nikakitunza, ili na mimi siku yangu nifunikwe nacho. Lete vipande vilivyobaki, nitaviunga."

Nikainamisha kichwa.

"Wening? Viko wapi?"

"Nilifutia raba, Mbah... halafu nikatupa."

Akaomba koti, akalivaa juu ya fulana yake ya pinki, akajitazama kwenye kioo. Halikumfika hata kiunoni.

"Basi mtanifunika na hili hili," akasema. "Miguu itabaki nje, lakini babu yako ataona nimekuja na fasheni."

Akacheka peke yake. Mimi nililia mpaka pumzi ikakata.

Ile video bado inazunguka. Watu wanaandika, "Bibi ana upendo huyu! Mjukuu una bahati!" Kila nikisoma, uso unaniwaka kwa aibu, maana wananisifia mali niliyoiba. Leo ndiyo nawaambia ukweli: hakunipa. Alinisitiri.

Koti liko kabatini kwake, kalikunja akalirudisha palepale.

Nawe unayesoma, kama mkasi uko mkononi na kitu ni cha mzee wako, muulize kwanza anakitunzia nini. Mimi nilishindwa kumsubiri Mbah atoke msikitini, na msikiti wenyewe uko mbele ya nyumba yetu.