Bakuli la Kutupa

"Rudini na ashura yenu."

Mlango wa Bibi Hacer ulikuwa umefunguka nusu tu. Mkono wake ulimrudishia Tarık bakuli la plastiki lililojaa ashura ya moto, ule uji mtamu wa ngano na zabibu kavu, na mdalasini umenyunyizwa juu. Tarık akaduwaa. Nyuma yake kwenye ngazi walisimama wenzake wawili wa chuo cha ualimu, Meltem na Gülcan, kila mmoja na kikapu chake cha mabakuli.

"Bibi, sisi ni walimu wanafunzi," Tarık alisema kwa upole. "Tuna mradi wa kuhudumia jamii. Tunawagawia wazee wa mtaa huu."

"Sawa. Na bakuli hili nitawarudishia vipi?"

"Hilo?" Tarık akacheka. "Hilo la kutupa, bibi! Huna haja ya kurudisha chochote."

Hapo ndipo alipoharibu. Mjini Tokat, kama kwingi Uturuki, sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na chakula itarudi na chakula, hata kama ni matufaha mawili. Tarık kazaliwa hapo hapo na jambo hilo analijua tangu ananyonya, ila siku ile alishikwa na kiherehere cha kutenda wema, na mwenye kiherehere husahau adabu zote.

"Yaani nile, nifute mdomo, ninyamaze," bibi alisema. "Kwani mimi paka wa msikitini?"

Mlango ukafungwa puu!

Gülcan aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. "Jamani, tumefukuzwa na ashura yetu! Hii naiandika kwenye ripoti."

Meltem hakucheka. Alitua kikapu chake chini.

"Nilikwambia tuchukue mabakuli ya nyumbani, Tarık."

"Ingebidi tupite tena mlango kwa mlango kuyakusanya. Nilitaka kuwapunguzia usumbufu."

"Si ndiyo maana ya bakuli? Turudi, tukae, tupewe na sisi."

"Sasa umekasirikia plastiki?"

"Nimekasirikia maneno. Uliyomwambia bibi ndiyo unayoniambia mimi kila siku. Huna haja. Usijisumbue. Mama yangu alikuletea bakuli la supu ulipougua. Ulirudisha na nini?"

Tarık akatazama viatu vyake.

"Sema, Gülcan asikie."

"Seti ya vyombo."

"Seti nzima ya vyombo! Na trei ya baklava! Mama amevifungia kabatini kwa ufunguo, anaona haya hata kuvitazama. Na skafu niliyokufumia mimi ulisema nini?"

"Nilisema… usingejisumbua."

"Tangu mwaka wa kwanza hujaniomba hata kalamu. Mimi ni mpenzi wako au ni mradi wako?"

"Meltem, nakupenda."

"Najua unanipenda. Ndiyo maana inaniuma." "Jumapili usiwalete wazazi wako."

Akashuka ngazi. Jumapili hiyo wazazi wa Tarık walikuwa waende nyumbani kwa kina Meltem kumposa. Suti ilikwisha kupigwa pasi.

Siku mbili Tarık alimpigia Meltem simu, haikupokelewa. Akaandika: "Nisamehe mpenzi. Nitamnunulia mama yako…" Akasoma alichoandika, akakifuta kwa aibu. Mwishowe akampigia Gülcan.

"Shemeji, bado uko hai?"

"Gülcan, nimpelekee maua?"

"Wewe mjinga, au unasomea? Mwenzio analia umezidi kumpa, wewe unataka kumwongezea maua!"

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi sijui. Anza kwa yule bibi. Yeye angalau alikwambia kosa lako mlangoni, bure."

Basi Tarık akalichukua bakuli la mama yake, lile la maua ya buluu lenye pengo ukingoni, akalijaza ashura, akapanda zile ngazi peke yake. Bibi Hacer alifungua, akalitazama bakuli kwanza, mtu baadaye.

"La nani hili?"

"La mama yangu, bibi. Likipotea ananiua."

"Hapo sasa!" Mlango ukafunguka wote. "Vua viatu, ingia."

Kabla hajakaa vizuri, bibi alishamwekea sahani ya majani ya mzabibu yaliyokunjwa na kujazwa maharage.

"Kula."

"Asante bibi, usijisum…" Alijing'ata ulimi, lakini alikwisha kuchelewa.

"Mtoto wewe una maradhi! Vidole vinaniuma, majani haya nimekunja moja moja, na wa kula sina. Hapa nani anamsaidia nani?"

Tarık akala. Akala tena, maana yalikuwa matamu kweli. Akijiona anatafuna tu huku anatazamwa kwa furaha, moyo ukamlainika, akajikuta anasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba darasani, kwenye mazoezi ya kufundisha, sauti inamkimbia. Anasimama mbele ya watoto, koo linakauka, watoto wanacheka. Mwalimu msimamizi amemwonya kwamba asipobadilika hatafaulu.

"Na yule msichana aliyesimama nyuma yako, anajua?"

"Namwambia mambo shwari. Sitaki kumbebesha mizigo yangu."

Bibi Hacer alitikisa kichwa. "Basi na yeye unampa plastiki."

Akainuka, akalisuuza bakuli la maua ya buluu, akalijaza majani ya mzabibu hadi ukingoni. "Salamu kwa mama yako. Na mara nyingine njoo na wale wasichana, yule mchekaji nimempenda."

Barabarani Tarık alitoa simu. Akaandika: "Meltem, nina shida. Nahitaji msaada wako."

Jibu lilikuja hata hajaiweka simu mfukoni: "Uko wapi?"

Walikutana kwenye benchi kando ya mto. Alimweleza yote, bila kupunguza. Meltem alisikiliza, uso ukibadilika, kisha akamfinya mkono kwa nguvu.

"Ai!"

"Tangu wiki ya kwanza ya mazoezi? Na mimi nikawa nakusifia kwa mama!"

"Niliona aibu."

"Simama. Nifundishe hapa hapa."

"Meltem, watu wanapita."

"Wapite. Mimi ni mwanafunzi, tena mtundu. Mwalimu, naomba kwenda kujisaidia!"

"Kaa chini wewe."

"Mwalimu, huyu ananivuta nywele!"

Tarık aliangua kicheko, na koo likafunguka. Akamfundisha nusu na robo kwa majani ya mzabibu. Mwanafunzi akawa anaila mifano moja baada ya nyingine, mpaka ikabidi mwalimu aliondoe bakuli.

"Umeona? Sauti unayo," Meltem alisema, macho yakimng'aa. "Kesho tena, saa hizi. Na mtoto mtundu nitamleta wa kweli, Gülcan."

"Njoo. Nakuhitaji," Tarık alisema, na neno "usijisumbue" akalimeza. "Na Jumapili je?"

Meltem alijifuta vidole taratibu, makusudi kabisa.

"Waje. Ila kahawa napika mimi, na hasira zangu hazijaisha."

Jumapili ikafika. Sebule ilijaa, baba zao wakazungumzia mvua na bei ya nyanya kama watu wasiojua kilichowaleta. Meltem akaingia na sinia. Kila mtu alipewa kikombe chake cha kahawa, na cha bwana harusi mtarajiwa kilitiwa chumvi, kama ilivyo desturi. Kijana hunywa kimya, asikunje hata uso, ili wakwe waone kwamba ni mvumilivu.

Tarık akapiga funda la kwanza. Haikuwa chumvi ya utani. Meltem alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono nyuma, anamtazama bila kutabasamu.

Akanywa hadi tone la mwisho. Machozi yalimlengalenga. Watu wakaanza kunong'ona maneno ya sifa, mama yake akavimba kwa fahari. Hapo angeweza kunyamaza, na mambo yangekwisha vizuri. Akakitua kikombe.

"Meltem, naomba maji. Siwezi."

"Tarık!" mama yake alishtuka. "Aibu gani hii?"

Baba Meltem akakunja paji la uso. "Kijana, chumvi kidogo tu imekushinda?"

"Imenishinda, baba."

Meltem akaitoa mikono nyuma. Ilishika glasi ya maji iliyojaa, na vidole vilikuwa vimelowa kwa kuishikilia muda wote huo. Akavuka sebule mbele ya wazee, akampa.

"Niliogopa hutaomba," alinong'ona.

"Hata mimi."

Alikunywa maji yote. Gülcan, aliyekuja eti kusaidia jikoni, akapiga kigelegele kabla hata posa haijatamkwa, na sebule nzima ikaangua kicheko, baba Meltem akiwa wa kwanza.

Mama Meltem aliinuka, akatoa ufunguo chini ya kitambaa cha meza, akaliendea kabati. Siku hiyo wote walikula vitamu kwa vile vyombo vya Tarık. Na jioni, wakwe walipoaga, mama Meltem aliiosha sahani moja, akaijaza maandazi aliyoyapika mwenyewe, akamkabidhi mkwewe.

"Hii utairudisha," alimwambia.

"Nitairudisha, mama," Tarık alisema, akaipokea kwa mikono miwili.